Kufuma na Kufumua Nuru: Vyombo vya Kukusanya na Kutenganisha Ishara katika Nyuzi za Kioo, na Tatizo la Kuvitaja kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Mtoto azaliwaye Tseikuru, kaskazini ya Kitui, hujifunza kusema kwa Kikamba nyumbani, hununua na kuuza kwa Kikamba na Kiswahili sokoni, na akifika darasa la fizikia hufundishwa habari za nuru kwa Kiingereza. Kila lugha imepewa chumba chake, na milango baina ya vyumba hivyo ni michache. Tangu mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule za Kenya, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mtu akitaka kumweleza mtoto huyo kwa Kiswahili jinsi sauti ya nduguye aliyeko Nairobi inavyosafiri ndani ya uzi wa kioo pamoja na sauti za maelfu ya watu wengine zisichanganyike, atajikuta hana maneno, au ana maneno mengi mno yasiyokubaliana.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili vyombo vinavyokusanya ishara nyingi katika uzi mmoja wa kioo na vile vinavyozitenganisha tena. Pili, kuonyesha kwamba uteuzi wa majina ya vyombo hivyo si jambo la mapambo. Jina likikosewa, dhana nayo hukosewa, na fundi anayelitegemea jina hilo hufunga chombo kisicho chake.

2. Tatizo lenyewe

Mambo haya hayakuanza na kioo. Katika miaka ya 1870 makampuni ya simu za maandishi yalikabiliwa na swali la gharama: waya mmoja ulichukua ujumbe mmoja kwa wakati mmoja, na kutandika waya wa pili kulikuwa na bei kubwa. Mnamo mwaka 1874 Thomas Edison, huko Marekani, alibuni njia ya kupeleka jumbe nne katika waya mmoja, mbili kwenda na mbili kurudi. Katika miaka hiyo hiyo Émile Baudot wa Ufaransa alitengeneza mtambo uliowapa waandishi kadhaa zamu za kuutumia waya mmoja, kila mmoja akipewa kipande chake kidogo cha wakati.

Uzi wa kioo ulikuja baadaye. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kingeweza kuchukua nuru mbali bila ya kuififisha kupita kiasi. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walifanikiwa kutengeneza uzi wa namna hiyo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka huo huo ndipo mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa, ikafuatwa na EASSy mwaka 2010. Kutoka pwani, nyuzi nyingine zimetandikwa kuelekea bara, ukiwemo mradi wa taifa ujulikanao kama NOFBI, ambao awamu yake ya pili ililenga kuyafikia makao makuu ya kaunti zote 47.

Uzi wenyewe ni mwembamba. Kipenyo cha kioo ni mikrometa 125, na kiini ambamo nuru hupita ni mikrometa 9 hivi tu. Ndani ya mkongo wa baharini wenye urefu wa maelfu ya kilomita mna jozi chache tu za nyuzi hizo. Basi swali la Edison na Baudot limerudi palepale: ishara nyingi zitapitaje katika njia moja, na mwisho wa safari kila moja itambuliweje?

3. Njia mbili za kukusanya

Kuna njia mbili kuu, na msomaji wa isimu hatazikuta ngeni, kwani lugha zetu wenyewe huzitumia.

3.1 Kwa zamu. Tutazame kitenzi *nitakupigia*. Ndani ya neno hili moja mna habari za mtenda, za wakati ujao, za mtendewa, za tendo lenyewe, na za kauli ya kutendea. Habari hizo hazisemwi kwa pamoja. Zimepangwa moja baada ya nyingine, *ni-ta-ku-pig-i-a*, na kila moja ina nafasi yake. Msikilizaji huzitambua kwa mahali zilipo: *ku* iliyo mbele ya mzizi haidhaniwi kuwa wakati, wala *ta* haidhaniwi kuwa mtu.

Mitambo ya simu hufanya vivyo hivyo. Katika utaratibu uliozoeleka sana, sauti ya mtu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Muda wa baina ya kipimo na kipimo hugawanywa katika nafasi 32. Nafasi 30 hupewa wasemaji, na 2 hubaki kwa kazi ya kuuongoza mtambo. Jumla yake ni biti 2,048,000 kwa sekunde. Mtambo wa upande wa pili hutambua kila sauti kwa hesabu ya nafasi yake. Mfano wa kitenzi una mpaka wake, lakini: kitenzi kisicho na mtendwa huiacha nafasi hiyo, neno likawa fupi, ilhali katika utaratibu huu nafasi ya mtu aliyenyamaza husafiri ikiwa tupu.

3.2 Kwa pamoja. Sasa tutazame *Amefika* na *Amefika?* Sauti ni zile zile na mpangilio ni ule ule. Taarifa na swali hutofautishwa na kiimbo, nacho hakisubiri zamu. Hupanda juu ya silabi zile zile, katika wakati ule ule. Kikamba kimekwenda mbali zaidi, kwa kuwa ni lugha yenye toni: silabi moja hubeba konsonanti, irabu na toni kwa mara moja, na sikio la Mkamba huvitenganisha bila ya taabu, kwani toni iko katika kipimo kingine, kile cha juu na chini.

Hii ndiyo njia ya pili, na katika nyuzi za kioo ndiyo iliyoleta mageuzi. Kila ishara hupewa nuru ya urefu wake wa wimbi, na nuru zote huingizwa pamoja katika uzi mmoja kwa wakati mmoja. Ni desturi kuziita nuru hizo *rangi*, lakini yafaa tukumbuke kwamba hapa neno hili ni la mfano. Jicho la binadamu huona mawimbi ya kati ya nanometa 400 na 700 hivi. Nuru inayotumika katika masafa marefu iko karibu na nanometa 1,550, mahali ambapo kioo hupoteza nuru kidogo kuliko penginepo, na jicho halioni kitu. Mtu asichungulie ndani ya uzi kwa kudhani kwamba ni mtupu kwa sababu ni mweusi. Nuru asiyoiona yaweza kumwumiza jicho.

Rangi hizo hazichaguliwi ovyo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) limeweka viwango viwili. Katika mpangilio wa nafasi pana kuna rangi 18, kutoka nanometa 1,271 hadi 1,611, zikiachana kwa nanometa 20. Katika mpangilio wa msongamano, rangi huhesabiwa kutoka terahezi 193.1, na mara nyingi huachana kwa gigahezi 100, ambazo ni kama nanometa 0.8, au kwa gigahezi 50. Hivyo uzi mmoja huweza kuchukua rangi 40, 80 au zaidi, na kila rangi yaweza kuwa na zamu zake ndani yake. Njia mbili tulizozieleza hazipingani. Hubebana, kama vile kitenzi chenye viambishi sita kinavyoweza kutamkwa kwa kiimbo cha swali.

4. Vyombo vyenyewe

Mfano wa kwanza wa kila mwalimu ni mche wa kioo. Nuru ya jua ikipita humo hupinda, na kila rangi hupinda kwa kadiri yake, hata zikatokea zimetengana ukutani. Jambo ambalo halisemwi mara kwa mara ni kwamba safari hiyo hurudi. Rangi hizo zikielekezwa kinyume, kwa pembe zile zile, mche ule ule huzikusanya zikawa nuru moja. Tulikumbuke hili, kwani tutalirudia tutakapofika kwenye majina.

Mche hautoshi kwa rangi zinazoachana kwa nanometa 0.8, hivyo wahandisi hutumia vyombo vingine. Tutaje viwili.

Cha kwanza ni kichujio cha tabaka nyembamba. Juu ya kipande cha kioo hupakwa tabaka nyingi za vitu viwili vinavyopokezana, kila moja nyembamba kuliko wimbi la nuru. Katika kila mpaka wa tabaka sehemu ya nuru hurudishwa. Tabaka zimepimwa ili kwa rangi moja tu marudio hayo yafutane, nayo ipite. Rangi nyingine zote marudio yake huungana, nazo hugeuzwa njia. Vichujio vikipangwa kwa mfuatano, kila kimoja humtoa mmoja wake na kuwapisha waliosalia.

Cha pili hutenganisha rangi zote kwa mara moja. Ni bamba dogo lenye njia nyingi za nuru zilizochorwa sambamba, kila njia ikiwa ndefu kuliko jirani yake kwa kiasi kile kile. Nuru huingia katika njia zote. Kwa kuwa njia hazilingani kwa urefu, mawimbi hufika mwisho yakiwa yamepishana, na upishano huo hutofautiana kwa kila rangi. Hivyo rangi moja hukutana na nguvu zake mahali hapa, nyingine pale. Huwekwa uzi mmoja katika kila mahali pa kukutania. Meint Smit wa Uholanzi alieleza chombo hiki mwaka 1988, na leo ni cha kawaida.

Tuongeze chombo cha katikati ya safari. Basi litokalo Nairobi kwenda Tseikuru hupitia Thika na Mwingi. Abiria wa Mwingi hushuka Mwingi, wengine hupanda wakakaa viti vilivyoachwa, na wa Tseikuru hawasumbuliwi. Hawalazimiki kushuka wote na kuhesabiwa upya. Kuna chombo kifanyacho kazi hiyo: huitoa rangi moja mjini, huingiza ishara mpya katika rangi ile ile, na rangi nyingine huziacha zipite.

Haya yote yasingekuwa na faida kubwa kama si ugunduzi mwingine. Nuru hufifia njiani, kwa desibeli 0.2 hivi kila kilomita. Baada ya kilomita 50 hubaki sehemu moja ya kumi. Zamani kila ishara ililazimika kugeuzwa kuwa umeme, ikakuzwa, na kugeuzwa tena kuwa nuru. Mnamo miaka ya 1986 na 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton wakiongozwa na David Payne, na wale wa maabara za Bell akiwemo Emmanuel Desurvire, walionyesha kwamba kipande cha uzi kilichotiwa madini ya erbiamu huweza kuikuza nuru ikiwa ni nuru. Kipande hicho hukuza pamoja rangi zote za eneo la nanometa 1,530 hadi 1,565, bila ya kuzitenganisha kwanza. Tangu hapo kuongeza rangi kukawa rahisi kuliko kuongeza nyuzi.

5. Kugawa si kutenga

Hapa ndipo lugha inapoingia kazini. Mtu asiyekuwa mwangalifu atasema kwamba chombo cha mwisho wa safari ni cha *kugawa* ishara. Sasa kuna chombo kingine ambacho hugawa kwa hakika. Katika mitandao ifikishayo nyuzi majumbani, uzi mmoja kutoka kituoni huingia kisandukuni na kutoka nyuzi 32. Kisanduku hicho hakijui rangi. Huigawa nguvu ya nuru mafungu 32 yaliyo sawa, na kila nyumba hupata nakala ya kila kitu, ikiwa na sehemu moja ya 32, yaani asilimia 3 hivi ya nguvu. Kifaa cha nyumbani ndicho kinachochagua ujumbe wake na kuyaacha ya jirani, ambayo huwa yamefichwa kwa maandishi ya siri.

Chombo cha kutenga rangi ni kinyume chake. Kila mlango hupokea rangi yake tu, na rangi hiyo haigawanywi mafungu. Bamba lenye milango 40 huweza kupoteza desibeli 5 hivi, yaani hubakiza kama theluthi moja ya nguvu. Kile cha kugawa mafungu 32 hupoteza desibeli 15 kwa hesabu tu, hata kiwe kimetengenezwa vizuri namna gani. Na desibeli 15 ni sawa na hasara ya kilomita 75 za uzi.

Tuchukue mfano. Fundi kijana yuko Mwingi, na kazi yake ni kupeleka ishara za miji kadhaa kaskazini, kwa uzi mmoja, hadi Tseikuru. Maelekezo yake yameandikwa kwa Kiswahili: *funga kigawanyi*. Akifunga cha kugawa nguvu mahali panapohitaji cha kutenga rangi, ishara zote zitafika katika kila mlango, lakini zikiwa dhaifu na zimeshikamana, na mpokezi hatazisoma. Kosa halitakuwa la mkono wake, litakuwa la neno. Na fundi huyo akishindwa, watasema wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi, ilhali Kiswahili kina *gawa*, *tenga*, *chambua*, *pambanua* na *ainisha*, kila kimoja na maana yake, na ni mwandishi aliyevitumia kana kwamba ni kimoja.

6. Majina yanayopendekezwa

Tuanze na yale yasiyofaa. *Kizidishi* ni tafsiri ya sisisi ya umbo la neno la Kiingereza. Hapa hakuna kinachozidishwa. *Kichanganyishi* kina kasoro nzito zaidi, kwani vitu vilivyochanganywa, kama maji na maziwa, hupoteza nafsi zao. *Kiunganishi* tayari ni aina ya neno katika sarufi, na kwa mafundi ni kile kichwa cha kuchomekea uzi. *Kuunga* nako ni kuunganisha ncha kwa ncha, kazi ya kuyeyusha kioo kilichokatika. *Multipleksa* hutamkika, na hatuna ugomvi nayo kama neno la kuazima, lakini haimfundishi msomaji lolote.

*Kikusanyi* na *kitenganishi* ni maneno safi, nasi tungeridhika nayo. Upungufu wake ni kwamba hayaonyeshi ukoo. Tumekwisha kuona kwamba chombo cha kukusanya na cha kutenganisha ni kimoja, kilichogeuzwa. Na Kiswahili kina njia yake ya kugeuza tendo: *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*, *pakia* na *pakua*. Je, hatuwezi kupata jozi ya namna hiyo? *Unga* hakitufai, kwa kuwa *ungua* ni habari ya moto. *Tenga* nacho hutupa *tengua*, ambalo ni kubatilisha.

Iko jozi moja ambayo twaona inastahili kufikiriwa, nayo ni *fuma* na *fumua*. Nyuzi zilizofumwa huwa kitambaa kimoja, lakini kila uzi hubaki uzi na rangi yake, na afumuaye huupata kama ulivyoingia. Ukambani mfano huu hauhitaji maelezo: mwanamke asukaye kyondo kwa kamba za mkonge za rangi mbalimbali hujua kwamba rangi hazikuchanganyika hata moja. Kwa kufuata mtindo wa *kichujio* na *kikaangio*, tutapata *kifumio* kwa chombo cha kukusanya, na *kifumulio* kwa chombo cha kutenganisha. *Kigawanyi* kitabaki kwa chombo cha kugawa nguvu tu, *kiungo* kwa mahali kioo kilipoungwa, na *kiunganishi* kwa kichwa cha kuchomekea. Kile cha Mwingi, cha kushusha na kupandisha njiani, chaweza kuitwa *kishushi-kipandishi*.

Pingamizi ziko. Ya kwanza ni kwamba *fuma* pia ni kupiga kwa mshale. Lakini muktadha huondoa shaka hiyo. Ya pili ina uzito: *mfumo*, neno lililozaliwa na mzizi huu, limekwisha kuenea kwa maana nyingine, na ndiyo sababu hatukupendekeza *kifumo*, kwani lingesikika kama mfumo mdogo. Ya tatu ni kwamba kufuma ni kupitanisha nyuzi, hali rangi za nuru hazipitani. Zimelala pamoja katika njia moja. Hili ni kweli. Istilahi, hata hivyo, haitakiwi kusema kila kitu kuhusu kitu chake. Inatakiwa isidanganye katika jambo lililo kubwa, na jambo kubwa hapa ni kwamba viingiavyo vyaweza kutoka vilivyo.

Huenda pia ikaulizwa kwa nini tusichukue mzizi wa Kikamba. Mlango huo haujafungwa. Kiswahili kimepokea *ikulu* kutoka Kinyamwezi na *ngeli* kutoka Kihaya, nayo yamekaa. Lakini neno huchukuliwa pale ambapo pengo lipo, na katika jambo hili tumeona kwamba pengo halikuwa la msamiati bali la utaratibu.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba ishara hukusanywa ama kwa zamu ama kwa rangi, kwamba chombo cha kutenga si chombo cha kugawa, na kwamba tofauti hiyo hupimika kwa desibeli na kwa kilomita. Tumependekeza majina machache. Hatudai kwamba ndiyo ya mwisho. Historia ya istilahi zetu yaonyesha kwamba kamati hupendekeza na wasemaji huamua. *Kompyuta* na *tarakilishi* yangali yakishindana, na hakuna aliyeumia.

Lakini uamuzi wa wasemaji hauwezi kufanyika iwapo maneno yamefungiwa katika kurasa hizi. Twashauri idara zetu za lugha ziketi pamoja na mafundi wanaotandika nyuzi hizo, ziyajaribu majina mbele ya vyombo vyenyewe, na kusikiliza ni lipi linalotoka kinywani bila ya kusukumwa. Kisha mwalimu wa Tseikuru apewe mche wa kioo, ukuta mweupe na jua, ambalo huko halikosekani, naye awaulize wanafunzi wake: nuru hii iliyofumuliwa ukutani, itafumwaje tena? Siku watakapomjibu kwa lugha watumiayo sokoni, mlango mmoja baina ya vyumba vile tulivyovitaja mwanzoni utakuwa umefunguka.